Rousseau na watoto wake watano

Mhariri,

Makala yenu ilimwita Jean-Jacques Rousseau, mwanafalsafa wa karne ya 18, baba wa malezi ya kisasa. Baba, jamani! Mimi hufundisha walimu wanafunzi, na kitabu chake cha malezi, Émile, cha mwaka 1762, bado nakisomesha. Humo anasema asiyeweza kutimiza wajibu wa baba hana haki ya kuwa baba. Umaskini si kisingizio, wala kazi.

Sasa tazama nyumbani kwake. Alizaa watoto watano na mwenzi wake, Thérèse Levasseur, na wote, kwa maelezo yake mwenyewe, walipelekwa kituo cha watoto waliotupwa, Paris. Wa kwanza alitiwa kadi yenye alama ya kumtambua ndani ya nguo alizofungwa. Waliofuata hata kadi hawakupata. Mwaka 1761 yule wa kwanza alitafutwa, asipatikane. Watoto wengi wa kituo kile walikufa kabla ya kutimiza mwaka.

Sisemi kitabu kichomwe. Kina mengi ya maana, na wanafunzi wangu wataendelea kukisoma. Ila nawapa na habari hizi, wapime wenyewe. Nyinyi mlikuwa na ukurasa mzima, na Thérèse, aliyekubali watoto wapelekwe huku akilia, hamkumtaja hata mara moja.

Mwalimu msomaji wenu