Rinda la Malkia Victoria nimelishona, halinidanganyi

Mhariri,

Juzi msomaji wako mmoja aliwasuta mabinti wa Nairobi kwa suruali zao za kubana, akatamani turudi kwenye marinda ya enzi ya Malkia Victoria wa Uingereza, yale ya kufagia sakafu, eti wanawake wakati huo walijiheshimu. Mimi ni fundi wa nguo hapa Uhuru Market, mwaka wa thelathini na moja sasa. Rinda hilo analolilia nimelishona kwa mikono yangu. Naomba nafasi nimjibu.

Mwaka jana mwalimu wa shule moja aliniletea picha akitaka vazi la mchezo wa kuigiza. Lilikuwa krinolini, kile kizimba cha pete za chuma kilichoanza kuvaliwa mwaka 1856 ili rinda lisimame kama tenga la kuku. Chuma sikuwa nacho, nikatumia paipu za plastiki ambazo mafundi wa umeme hupitishia nyaya. Kitambaa kilikula mita kumi na mbili, na hapo bitana sijatia. Binti alipokuja kulijaribu hakupita mlango wa kibanda changu, ikabidi avalie nje kwenye ujia huku majirani wakimpiga picha. Nikamwambia aketi kwenye stuli. Pete ya mbele iliruka ikampiga kidevuni! Jioni rinda lilisafirishwa peke yake kwa matatu, na makanga akalitoza nauli ya watu wawili.

Lakini nisiwacheke wanawake wa wakati ule. Kizimba hicho wengi walikipokea kwa furaha, kwa sababu kabla yake walikuwa wakivaa sketi za ndani nyingi, moja juu ya nyingine, ili wapate umbo lilelile. Chuma kiliwapunguzia uzito. Kilichowaponza ni moto. Nyumba zilikuwa na meko ya wazi na mishumaa, pindo liko mbali na mwili, mwenyewe hana habari kwamba limegusa. Mwaka 1861, huko Massachusetts, Fanny, mkewe mshairi Henry Longfellow, nguo yake ilishika moto nyumbani kwake, akafariki kwa majeraha. Koseti ya kukaza kiuno kwa vijiti vigumu vitokavyo kinywani mwa nyangumi sina haja ya kuieleza. Anayetaka kuijua akaze mshipi matundu matatu zaidi, kisha apande ngazi.

Sasa tuje kwenye heshima yenyewe. Ndani ya rinda hilo zuri, mke wa Uingereza hakuwa na kitu chake mwenyewe. Akiolewa, pesa na vyombo vyake, hata mshahara wake, vilikuwa vya mume kisheria. Caroline Norton alikuwa mwandishi mwenye jina, lakini alipoachana na mumewe mwaka 1836, watoto walichukuliwa na baba, na malipo ya vitabu alivyoandika yeye mume akayadai kuwa yake. Alipiga kelele mpaka Bunge likapitisha sheria ya malezi ya watoto mwaka 1839. Mwaka 1870 ndipo mke aliporuhusiwa kushika mshahara wake, na sheria ya mwaka 1882 ikampa haki ya kumiliki mali kama mtu mwingine yeyote. Malkia mwenyewe, ambaye sanamu yake iliwekwa pale bustani ya Jeevanjee hapa Nairobi, hakupendezwa na mambo hayo. Mwaka huohuo wa 1870 aliandika akiwalaani wanaodai haki za wanawake.

Hiyo sheria ya mwaka 1882, Mhariri, ndiyo iliyonitia kalamu mkononi.

Mama yangu alikuwa na cherehani ya miguu. Aliilipia kidogo kidogo kwa pesa za kushona sare za shule, na kila risiti akaihifadhi ndani ya mkebe wa chai. Mwaka 1978 alirudi kutoka mazishini ushago akakuta pembe ya chumba iko wazi. Baba alikuwa ameiuza. Redio mpya ilikuwa mezani. Mama alipouliza, wazee wa ukoo walimjibu kwamba mali ya mke ni mali ya mume. Mimi nilikuwa darasa la tano, na nakumbuka alirudi kushona kwa sindano ya mkono mpaka macho yakaanza kumuuma.

Miaka mingi baadaye mteja wangu mmoja, wakili, nikimpima sketi, ndiye aliyenieleza kwamba Mahakama Kuu yetu iliamua mwaka 1971 kuwa sheria ile ya Kiingereza ya 1882 inatumika Kenya. Iliendelea kutumika mpaka Bunge letu lilipopitisha Sheria ya Mali ya Ndoa mwaka 2013. Maana yake, siku baba anaiuza, cherehani ilikuwa ya mama, risiti zipo, sheria ipo. Hakuna aliyemwambia. Nilibaki na tepu shingoni, nimesahau hata kipimo cha kiuno cha wakili.

Kuhusu suruali, ndugu yangu msomaji asidhani zimeanza na mabinti wa Eastlands. Lady Harberton, mama mmoja wa tabaka la juu, alikuwa akiendesha baiskeli Uingereza amevaa suruali pana za kuishia magotini. Hoteli moja ikakataa kumhudumia ukumbini kwa sababu ya vazi hilo. Kesi ilisikizwa mwaka 1899, mwaka uleule reli ilipofika Nairobi, naye akashindwa. Sisi Novemba 2014 tuliandamana kutoka Uhuru Park baada ya wanaume kumvua nguo mwanamke kwenye stendi ya matatu, wakisema nguo yake fupi. Mimi nilikuwepo, nimevaa leso mbili na viatu vya raba.

Rinda lile shule ililirudisha, limening'inia juu ya cherehani yangu. Ndugu yangu akitaka, na aje Jumamosi alivae, atembee mpaka Jogoo Road apande matatu. Nauli ya kiti cha pili nitamlipia.

Fundi wa Uhuru Market,
Nairobi