Neno langu la siri limehamia Makambako

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Barua hii naiandika mwenyewe, kwa vidole kumi, kwenye kompyuta ya mezani ambayo naambiwa herufi nyingi za kibodi yake zimefutika. Kwangu si hasara. Niliacha kuona mwaka 2014, kwa ugonjwa ambao huku kwetu tunauita presha ya macho. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa mizani katika mashamba ya chai ya Mufindi: kusoma mshale, kuandika kilo za kila mchumaji, ukungu umeshuka, wachumaji wanasukumana wawahi nyumbani. Nayataja haya ili mtu asinidhanie kuwa mzee anayeogopa makaratasi. Fomu nimeishi nazo miaka 22, sina ugomvi nazo.

Ugomvi wangu ni juu ya daftari moja la kurasa 48, lenye jalada la bluu kama nilivyoambiwa, ambalo halikuwa langu na ambalo lina siri zangu zote.

Hapa Mafinga sisi watu wenye ulemavu wachache tuna kitalu cha miche ya paina. Mimi hujaza udongo kwenye viriba, kazi ya mikono isiyouliza macho. Mwenzetu mmoja ni kiziwi, fundi cherehani, na ndiye anayeubaini mche ulioanza kunyauka kabla sisi wengine hatujajua. Mwingine ana ualbino, hufanya kazi zake asubuhi na jioni, jua la saa sita anatuachia sisi. Mwaka jana kikundi kilihitaji kibali fulani cha serikali ambacho siku hizi huombwa mtandaoni. Sitautaja mfumo wenyewe. Nimejaribu mitatu tofauti na yote ni ndugu wa baba mmoja, hivyo kuutaja mmoja ni kuuonea.

Nilifurahi niliposikia ni mtandaoni. Watu hudhani asiyeona na kompyuta haviendani, kumbe ni kinyume. Mpwa wangu aliniwekea programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA. Ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili, Michael Curran na James Teh, wote wasioona, na inasoma kwa sauti maandishi yaliyo mbele yangu, herufi kwa herufi nikitaka. Sauti ya Kiswahili inayokuja nayo ni ya mtu mwenye mafua anayekimbilia basi, lakini nimeizoea, na gazeti lako naliskiza humo kila asubuhi. Sihitaji mausi. Natumia kitufe cha Tab, mishale na Enter, basi.

Nikakaa, nikafungua ukurasa. Sauti ikaanza kuongea, nami nikadhani kompyuta imeharibika. "Jaza" ilikuwa "jeiza". "Maombi yako" yakawa kitu kama "meombai yeiko". Nilimwita mjukuu, akasoma skrini, akasema babu, mbona ni Kiswahili safi. Ilinichukua wiki nzima na maelezo ya mpwa wangu kwa simu kuelewa. Programu ya kusoma skrini haibuni lugha; inauuliza ukurasa, wewe ni wa lugha gani? Jibu huandikwa ndani ya msimbo wa ukurasa, mahali ambapo mwenye macho hapaoni, kwa herufi mbili tu: sw kama ni Kiswahili, en kama ni Kiingereza. Ukurasa ule ulikuwa na Kiswahili kuanzia juu mpaka chini, ila ndani ulijitambulisha kuwa ni Mwingereza. Basi nikaletewa Mwingereza anisomee. Fundi aliyeujenga hawezi kuligundua kosa hilo kwa kuutazama, na kulirekebisha ni kazi ya kufuta herufi mbili na kuandika nyingine mbili. Mhariri, nimewahi kuona mizani mbovu nyingi, lakini sijawahi kuona kasoro ndogo hivyo yenye uzito mkubwa hivyo.

Nililazimisha sauti ya Kiswahili kwa mkono nikaendelea. Nikafika kwenye fomu. Sauti ikasema: sehemu ya kuandika. Tab. Sehemu ya kuandika. Tab. Sehemu ya kuandika. Kwa macho, pembeni mwa kila kisanduku kuna neno, jina la kwanza, kata, namba ya simu. Lakini neno na kisanduku havikuunganishwa, kwa hiyo mimi nilikuwa kama karani aliyepewa daftari lisilo na vichwa vya safu. Tarehe ya kuzaliwa haikukubali kuandikwa. Ilitaka nichague kwenye kalenda inayofunguka mwezi huu tulionao, kisha nirudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Nimezaliwa 1961. Nilipiga hesabu: ni zaidi ya miezi 750. Hata hivyo vishale vya kurudi nyuma vilitii mausi tu, kwa hiyo hesabu haikunisaidia kitu. Maelekezo ya viambatanisho yalikuwa karatasi iliyopigwa picha na kugeuzwa PDF, yenye mhuri na sahihi, inapendeza sana nadhani. Kwangu ilikuwa kimya. Mwisho kabisa wakaniomba nithibitishe kuwa mimi si roboti kwa kusoma herufi zilizopindwapindwa ndani ya picha. Roboti za siku hizi zinazisoma zile herufi. Nisiyeweza ni mimi.

Ndipo nikaenda steshenari.

Kijana wa pale hana ubaya wowote, na naomba hilo lieleweke. Alinipokea kwa "kamwene babu", akanipa kiti, akawasogeza watu. Akaniuliza namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, nami naijua kwa moyo, nikaitaja kwa sauti kwa sababu mashine ya fotokopi ilikuwa inanguruma. Akaniuliza tarehe ya kuzaliwa, nikaitaja. Namba ya simu, nikaitaja. Aina ya ulemavu. Chanzo cha ulemavu. Ulianza lini. Je, unatumia dawa? Nyuma yangu nilisikia watu kama sita, mmoja anakohoa, mmoja anatafuna muwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini nina hakika hawakumaanisha tuuvue steshenari.

Kisha mfumo ukataka neno la siri. Kijana akasema, "Babu, nitakutengenezea, nitakuandikia kwenye daftari langu usije ukasahau. Watu wote naandikia." Na kweli. Mjukuu wangu aliliona: ukurasa baada ya ukurasa, majina ya watu wa Mafinga, namba zao na maneno yao ya siri, kwa kalamu ya wino mwekundu. Wengi wao wana macho mazima, ila ama hawajui kompyuta ama hawana bando. Kwao steshenari ni njia mojawapo. Kwangu ilikuwa njia pekee.

Siku mbili baadaye mama muuza maandazi karibu na stendi, ambaye hatujawahi kuzungumza zaidi ya bei, alinipa pole ya presha ya macho na akanitajia dawa ya mitishamba. Alikuwa na nia njema kabisa. Nilimshukuru nikalipa maandazi yangu.

Miezi mitatu mbele nikapata ujumbe kwamba ombi letu lina upungufu, niingie nirekebishe. Nikarudi steshenari. Kijana alishahamia Makambako, kafungua duka lake, na daftari limekwenda naye.

Sasa nije kwenye hoja. Nikisimulia haya, wakubwa hunijibu kwa upole: mzee, kwa nini usije ofisini, tuna maofisa, watakujazia. Nashukuru. Lakini hapo ofisini nako nitataja namba zangu kwa sauti, na ofisa atajua neno langu la siri, tofauti ni kwamba kiti kitakuwa na foronya. Mwenye macho amepewa mlango wa kuingilia peke yake, usiku, akiwa na kandambili, bila kumwambia mtu. Mimi napewa msindikizaji. Usindikizaji ni jambo zuri mtu akiuomba mwenyewe.

Na siyo kwamba nchi hii haijui thamani ya siri ya asiyeona. Siku ya kupiga kura naletewa jalada la nukta nundu, naweka karatasi ndani, nachagua kwa kidole, na hata mke wangu hajui nimempa nani. Mtu fulani aliwahi kukaa akafikiri kwamba kura ya kusomewa si siri. Namwomba huyohuyo, au mwanafunzi wake, ahamie kwenye kompyuta. Katiba yetu, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya faragha ya nafsi yake na maisha yake. Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mwaka 2009 tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Kifungu chake cha 9 kinazungumzia ufikiaji wa habari na mawasiliano pamoja na teknolojia yake, na cha 22 kinazungumzia faragha, afya ikitajwa kwa jina. Watu husoma cha 9 peke yake wakaona ni habari ya ngazi na mifumo. Mimi nilivielewa vyote viwili siku ile ya daftari: mfumo usiosomeka unanilazimisha kuitoa siri yangu ili nipate huduma.

Marekebisho yenyewe hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Upo mwongozo wa kimataifa, wenyewe huuita WCAG, unaotolewa na W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti duniani. Ulianza mwaka 1999, na toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Lile jambo la herufi mbili za lugha limo humo, katika daraja la chini kabisa la masharti, yale ya lazima kwanza. Majina ya visanduku yamo. Kutumia kibodi bila mausi imo. Hata rangi imo: maandishi ya kawaida yanatakiwa yapishane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, jambo ambalo mwenzetu mwenye ualbino angelishangilia, kwani yeye husoma ile kijivu juu ya nyeupe mpaka pua inagusa kioo. Fundi wetu wa cherehani naye ana lake. Kila mfumo ukigoma huandika "kwa msaada piga simu namba hii". Apige amwambie nini? Namba ya ujumbe mfupi ingemtosha, na zile video za maelekezo zingewekewa maandishi chini au mkalimani wa lugha ya alama pembeni, kama tunavyoambiwa hufanyika kwenye taarifa ya habari.

Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ndiyo yenye kazi ya kutoa viwango na miongozo kwa taasisi za umma. Ombi langu kwao ni moja: mfumo usizinduliwe mpaka mtu asiyeona ameujaza mwenyewe tangu ukurasa wa kwanza hadi risiti, bila kushikwa mkono. Asiwe ofisa aliyefumba macho, maana huyo akikwama atafumbua. Na kabla hawajampata mtu huyo, kila fundi afanye jambo dogo leo hii: achomoe mausi, aifungie kabatini, ajaribu kuujaza mfumo wake mwenyewe kwa kibodi. Sitabashiri atafika wapi. Mimi najitolea kuwa mpimaji, bila posho, ilimradi umeme uwepo. Juni na Julai vidole hupata ganzi kwa baridi ya huku, lakini kwa kazi hiyo nitaviotesha moto kwanza.

Kibali tulikipata hatimaye, kwa kufungua akaunti mpya steshenari nyingine, kwa binti mmoja mwenye daftari la kijani. Miche iko kwenye viriba, mvua zikianza tutauza.

Na wewe kijana wangu uliyeko Makambako, duka lifanikiwe. Ukurasa wangu, tafadhali, uuchane.

Karani wa zamani wa mizani,
Mafinga, Iringa.