Wagonjwa waelezwe mapema kuhusu ultrasaundi ya ndani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wasomaji jambo ambalo jirani yangu, mzee wa Kongwa, alilijua akiwa amechelewa. Alipangiwa ultrasaundi ya ndani kwa njia ya endoskopi, akanywa uji wa uwele asubuhi ile, naye akarudishwa nyumbani, nauli ikiwa imekwenda bure.

Kipimo hiki si ile ultrasaundi tuliyoizoea ya kupakwa jeli juu ya tumbo. Daktari hupitisha mdomoni mpira mwembamba ambao nchani una kamera na kifaa cha mawimbi ya sauti, hadi tumboni na mwanzo wa utumbo mwembamba, na kwa kuwa kongosho na mrija wa nyongo viko jirani kabisa na hapo, huonekana vizuri bila kuzuiwa na gesi ya matumbo. Tena, sindano nyembamba inaweza kupitishwa humo humo kuchukua sampuli ya maabara bila upasuaji.

Ndiyo maana tumbo huwa lazima liwe tupu, kwa kawaida kwa muda wa saa 6 au zaidi. Anayetumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda aseme mapema, wala asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Kwa sababu ya dawa ya usingizi, aende na ndugu wa kumrudisha (pikipiki siku hiyo asiiguse). Madhara makubwa ni nadra, lakini maumivu makali ya tumbo au choo cheusi baadaye ni sababu ya kurudi hospitali bila kungoja kesho.

Haya yangeandikwa kwa Kiswahili kwenye karatasi ya miadi, mzee yule asingepanda basi mara mbili.

Msomaji wako,
Dodoma