Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wavuvi na Wakulima wa Mwani

Ndugu wanachama, asalaam alaykum.

Hesabu za fedha mtasomewa na mshika fedha. Mimi nina neno juu ya ombi lililojirudia kila kikao cha kamati mwaka huu: chama kinunue boti nyingine ya uvuvi.

Samaki hawakugawiwa bahari zote sawasawa. Peru huvua dagaa kwa mamilioni ya tani kwa kuwa maji ya baridi yenye rutuba hupanda kutoka kilindini karibu na pwani yake. Kwetu huku mashariki ya Unguja, ukishavuka mwamba tu, chini panaporomoka. Changu, tasi na pono wamebanana kwenye ukanda mwembamba wa matumbawe na majani, na ndipo tulipobanana na sisi. Jodari wapo nje, lakini wanaowafukuzia ni meli kubwa za kigeni, si ngalawa, tena kusi ikishavuma hata kujaribu hujaribu. Boti mpya itagombea samaki walewale.

Dunia imeshageuka. Kwa takwimu za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 ufugaji wa samaki na wanyama wengine wa majini ulitoa tani milioni 94.4, uvuvi milioni 91. Haikuwahi kutokea kabla. Sehemu kubwa inatoka Asia, China ikiongoza.

Sisi hatuanzi leo. Mwani wa biashara ulishika Paje na Jambiani tangu 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Cottonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, ndiyo inayotushinda. Bamvua likitoka mchana wa jua kali, maji yanayobaki juu ya mchanga yanapata moto; matawi yanapauka, yanalainika penye taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, yanakatika kabla ya kuvunwa. Tunabaki na spinosum, aina nyingine ya mwani, na bei yake ya kutupa. Kwenye kina, kwa kamba za kuelea, cottonii inastahimili zaidi. Lakini kina mama wengi hawajui kuogelea, na boti ni za wanaume. Niseme wazi: mwaka huu walituazima kwa kununa.

Mwatiko, samaki tunayemfuga bwawani, naye tunaendelea naye. Anakula uoto wa bwawani, hivyo chakula cha dukani si lazima. Peru ilipofuta msimu wa kwanza wa dagaa mwaka 2023 kwa sababu ya El Niño, unga wa dagaa wa kulishia samaki ulipanda bei duniani, na wafugaji wanaoutegemea waliumia. Sharti letu ni lilelile: hakuna kukata mkoko kuchimba bwawa.

Kamati inapendekeza fedha zilizotengewa boti ya uvuvi zinunue kamba za kuelea na mashua ndogo itakayosimamiwa na kikundi cha kina mama, na mafunzo ya kuogelea yaanze kabla ya kusi. Kura itapigwa baada ya sala ya adhuhuri. Wanaopinga, hasa ndugu zangu wa mshipi, watasema kwanza.