Kabla ya kubadili miwani, pimeni tezi ya shingo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie macho na tezi. Siyo tezi dume, ambayo ndiyo imeteka mazungumzo ya vijiweni, bali thairoidi, ile iliyokaa mbele ya koo kama kipepeo aliyekunjua mabawa.

Hapa Kigoma mtu akiona macho yamepungua nguvu, hukimbilia duka la miwani. Ukungu usipoondoka, anabadilishiwa lenzi, na mwaka unaofuata vivyo hivyo. Wapo wanaohitaji miwani kweli. Ila kuna yule ambaye ukungu wake unakuja na kwenda, akipepesa macho unapungua. Papo hapo anahisi baridi wakati wenzake wanajipepea, anapata choo kigumu, sauti imekwaruza, mwili unanenepa ingawa hali chakula kingi, na nyusi zimepukutika kuanzia ncha za nje. Asubuhi kope zimevimba, na uvimbe huo ukiubonyeza kwa kidole hauachi shimo. Huenda thairoidi yake imelegea, haitoi homoni ya kutosha. Huyo apimwe damu kwanza.

Homoni ya thairoidi ndiyo inayoamua kasi ya mwili kutumia nishati, na retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ni miongoni mwa sehemu zinazokula oksijeni nyingi kuliko zote kwa uzito wake. Homoni ikipungua, umeme wa retina unaweza kudhoofika na ujumbe kuchelewa kufika kwenye ubongo. Wapo wagonjwa ambao vipimo vya umeme wa jicho vilionyesha hivyo, kisha vikaboreka baada ya tiba. Machozi nayo hupungua, na jicho kavu haliwezi kushika picha ikatulia.

Liko jambo linalotuhusu zaidi sisi walaji wa mawese. Wekundu wa mawese ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na bila vitamini A jicho halioni kwenye mwanga hafifu. Kazi ya kuigeuza huzorota thairoidi inapolegea. Karotini inabaki kwenye damu na kutuama kwenye ngozi: viganja na nyayo vinakuwa vya manjano, lakini weupe wa jicho unabaki mweupe. Hapo ndipo inapotofautiana na manjano ya ini, ambayo hupaka jicho pia. Si wengi wanaofikia hatua ya kutoona magharibi kwa sababu hii, lakini anayefika huko huku mawese hayakosi jikoni kwake, asiambiwe tu aongeze mboga. Vitamini A iliyokwisha kuwa tayari imo kwenye ini na mayai.

Chumvi tuitumie yenye madini joto, ya Uvinza au ya kwingineko, ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jua na unyevu, itiwe chakula kikikaribia kuiva. Muhogo mchungu usiolowekwa na kuanikwa ipasavyo huacha sumu ambayo mwili ukiivunja huzuia tezi kuvuta madini joto. Lakini aliyeshambuliwa tezi na kinga ya mwili wake mwenyewe haponi kwa kuongeza chumvi. Madini joto ya kupita kiasi yanaweza hata kumzidishia.

Kipimo cha damu kinaitwa TSH, yaani homoni inayoichochea tezi. Kwa mtu mzima kawaida ni takriban 0.4 hadi 4.0, na maabara huandika kiwango chake pembeni ya jibu. Ikiwa juu, hupimwa pia T4, homoni ya tezi yenyewe. Dawa ni levothairoksini, yaani homoni hiyo ya tezi iliyotengenezwa kiwandani. Dozi kamili kwa mtu mzima ni kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, lakini mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanzishwa kidogo, mara nyingi mikrogramu 25 kwa siku au chini ya hapo.

Wengi huharibu tiba kwenye umezaji. Kidonge kinamezwa asubuhi kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, na chai ya maziwa isubiri dakika 30 hadi 60. Vidonge vya kuongeza damu, kalsiamu na dawa za vidonda vya tumbo zenye alumini au magnesiamu vikae mbali kwa saa nne. Mama mjamzito anayebugia vyote kwa mkupuo mmoja anajinyima dawa, na homoni hiyo inahitajika pia katika kujenga macho na ubongo wa mtoto. TSH irudiwe baada ya wiki 6 hadi 8, maana kabla ya hapo jibu halijatulia. Wajawazito hurudia kila wiki 4 hivi. Miwani, kama haina haraka, ingoje tezi itulie.

Lisilongoja ni hili. Tezi ikilegea muda mrefu bila tiba, pituitari, iliyo chini ya ubongo, hujitutumua kuichochea, na mara chache huvimba ikabana mishipa ya macho inapokutana. Mtu huona mbele vizuri lakini anagonga mihimili ya milango, na bodaboda inayotokea ubavuni inamshtua. Mketishe umbali wa mita moja, mzibe jicho moja, atazame pua yako, kisha leta kidole chako taratibu kutoka pembeni. Rudia jicho la pili. Asipokiona kidole upande wa nje mpaka kinakaribia katikati, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mdau wa afya ya macho,
Kigoma Ujiji