Mdogo wangu, mwizi hatafuti mgeni

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti kuhusu safari yako ya nje nimeusikiliza mara tatu. Pale uliposema, "Dada, nitaonekana mgeni tu hata nivae nini, sasa nijisumbue kwa nini?" nilitaka kukupigia papo hapo. Nikaona afadhali nikuandikie, na niandike hapa hadharani, kwa sababu najua hauko peke yako. Wapo wengi wanaofunga mabegi wiki hii wakiwa na wazo hilohilo.

Nusu ya maneno yako ni kweli. Utaonekana mgeni. Lafudhi itakutaja, macho yanayopanda juu kutazama majengo yatakutaja, na hakuna koti la kuficha hayo. Ila mwizi wa mifukoni hana shida na ugeni wako. Miji ya watalii imejaa wageni asubuhi hadi usiku, na hawezi kuwaibia wote, kwa hiyo huchagua. Humchagua yule ambaye akili yake imekwenda kwingine na mali yake imebaki nyuma.

Nayajua haya kwa kuwa niliwahi kuchaguliwa. Sikukusimulia yote wakati ule, niliona haya. Nilikuwa ndani ya treni ya chini ya ardhi Barcelona, nimesimama karibu na mlango, begi mgongoni, simu mkononi, nahesabu vituo. Mlango ulipofunguka, kijana aliyekuwa mbele yangu akaangusha kitu, akainama kukiokota palepale mlangoni. Waliokuwa nyuma yangu wakanisonga. Nikasubiri kwa adabu ainuke. Treni ilipoondoka, zipu ya begi ilikuwa wazi na pochi haimo. Sikuhisi hata mguso. Baadaye ndipo nilipoelewa kazi ilivyogawanywa: mmoja huziba njia, wa pili huchomoa, na mara nyingi yupo wa tatu anayepokea na kutokomea. Hata ningemkamata aliyenisonga, asingekutwa na kitu.

Fedha zilizokuwemo niliziomboleza siku moja, nikasahau. Kilichonitesa ni pasipoti. Niliiweka kwenye pochi ileile pamoja na kadi zote mbili za benki, kwa kudhani kitu cha thamani kikae pamoja na vitu vya thamani. Ubalozi wetu ulikuwa Madrid, zaidi ya kilomita 600 kwa barabara, na mimi sina nauli. Siku tatu za safari niliyoiwekea akiba muda mrefu ziliishia kwenye mabenchi ya kusubiria, kuanzia kituo cha polisi hadi dirisha la kuombea hati ya dharura. Kwa hiyo ninapokuomba ugawe vitu vyako, kadi moja mwilini na nyingine chumbani, fedha za siku kwenye mfuko wa mbele na pasipoti kwenye kabati la kufungwa, usione ni woga wa dada mkubwa.

Kwenye pasipoti kuna jambo la kuangalia kwanza, lakini. Baadhi ya nchi zinakutaka utembee nayo. Japani ni mojawapo: sheria inamtaka mtalii awe na pasipoti yake muda wote, na polisi akikuomba, nakala haitoshi. Huko ivae chini ya nguo.

Ukifika mahali ambapo wenyeji wenyewe wanakuonya, waamini. Basi namba 64 la Roma, linalotoka stesheni ya Termini kuelekea upande wa Vatikani, lina sifa hiyo miaka mingi. Mtaa wa La Rambla, Barcelona, vilevile. Paris, mwezi Aprili 2013, wafanyakazi wa makumbusho ya Louvre waligoma na milango ikafungwa siku nzima, kwa sababu walichoka na makundi ya wachomoaji yaliyokuwa yakiwaandama wageni hadi ndani ya kumbi. Yaani waliolindwa na kamera na walinzi, mbele ya mchoro maarufu wa Mona Lisa, nao walikuwa wakichomolewa. Sehemu ambayo kila mtu ameinua macho kutazama kitu kimoja ndiyo sehemu ya kuleta begi kifuani.

Lakini begi silo linaloninyima usingizi. Nakuogopea moyo wako. Wewe ni mtu wa kuitikia kila anayekusemesha, na hila nyingi za mitaani hazianzi na mkono mfukoni, zinaanza na adabu yako. Kule Montmartre, Paris, chini ya kanisa la Sacré-Cœur, atakuja mtu anacheka, akushike mkono kama rafiki, na kabla hujamaliza kumsalimu amekufunga uzi wa rangi kidoleni, sasa anadai malipo. Mwingine ataokota pete ya "dhahabu" miguuni pako akuulize kama ni yako. Wasichana watakuletea karatasi ya kutia saini kwa ajili ya viziwi, na wakati karatasi imekufunika mikono, mkono mwingine uko kazini chini yake. Istanbul, mpiga viatu rangi atapita mbele yako na kudondosha brashi. Ukimwita kumrudishia, atasisitiza akulipe wema kwa kukung'arishia viatu, kisha huja bei. Bangkok, mtu nadhifu atakwambia jumba la kifalme, Grand Palace, limefungwa leo, na kwa bahati kuna tuk-tuk (bajaji) ya bei poa ya kukuzungusha kwingine. Mzunguko huo huishia kwenye duka la vito au la mshona suti. Jumba kwa kawaida huwa wazi kila siku. Nenda hadi langoni ukalione mwenyewe. Beijing na Shanghai, vijana wanaotaka kufanya mazoezi ya Kiingereza watakualika kunywa chai, na bili ya chai hiyo itakutoa jasho.

Ziangalie zote kwa pamoja, utaona kitu kimoja: wao ndio waliokuchagua. Hiyo ndiyo kanuni niliyobaki nayo baada ya safari zote, na ndiyo ninayotaka ushike hata ukisahau mengine. Ukihitaji msaada, mchague wewe wa kumwuliza: mama mwenye mtoto, muuza magazeti, mtu aliyesimama nyuma ya kaunta. Watu wema ni wengi kuliko wabaya popote nilipofika, na ukiwachagua wewe, uwezekano wa kuangukia mbaya ni mdogo sana. Anayekujia mwenyewe pale penye watalii, bila wewe kumwita, mpe "hapana, asante" bila kusimama. Miguu isisimame. Najua itakuuma mara ya kwanza, utahisi umemkosea mtu. Utapona.

Sasa, kuhusu kujichanganya. Watu hudhani ni nguo. Nguo zina sehemu yake, lakini mwendo una sehemu kubwa zaidi. Soma njia ukiwa bado chumbani: kituo gani, upande gani, mtaa wa ngapi. Ukipotea, usisimame katikati ya njia ukizungusha simu kama anayetafuta mtandao. Ingia dukani, au egemea ukuta, mgongo ukiwa salama, ndipo uangalie. London wapo waporaji wa simu wanaopita na baiskeli au pikipiki za umeme, wananyakua kutoka mkononi na kuondoka. Simu ikae upande wa mbali na barabara, au isitoke kabisa. Na hukohuko London, kwenye vivuko, barabarani pameandikwa upande wa kutazama kabla ya kuvuka. Usiyapuuze maandishi hayo. Katika nchi ambako magari hutoka upande usiouzoea, gari ni hatari kuliko mwizi yeyote niliyemtaja.

Halafu jipe dakika moja ya kutazama wenzako wanafanyaje. Mimi hupenda sana dakika hiyo. Kwenye ngazi za umeme London wanasimama kulia, wenye haraka wanapita kushoto. Tokyo wanasimama kushoto. Osaka, nchi ileile, wanasimama kulia! Ndani ya treni za Japani hakuna anayeongea na simu. Ujerumani watu husubiri taa ya kijani hata kama barabara ni tupu. Ukiyafuata haya, utabaki mgeni, lakini mgeni ambaye hakuna anayegeuka kumtazama mara ya pili.

Ukienda makanisani na misikitini funika mabega na magoti, hilo unalijua. Usilolijua huenda ni kwamba suruali yako ya mabaka ya kijeshi inaweza kukuletea kesi: Barbados, Jamaika, na Trinidad na Tobago, asiye mwanajeshi haruhusiwi kuzivaa. Iache. Roma, tangu 2019, kukaa tu kwenye ngazi za Spanish Steps kunaweza kukutoza faini, na Italia humtoza hata mnunuzi wa mkoba feki, si muuzaji pekee. Thailand, neno la kumtusi mfalme ni kifungo cha miaka 3 hadi 15, na maandishi ya mtandaoni yanahesabiwa. Kagua pia dawa zako za mafua: Japani hairuhusu kuingiza zile zenye pseudoefedrini, kiambato cha kuzibua pua, inayozidi asilimia 10, hata kama uliandikiwa na daktari.

Mashine za kutolea pesa tumia zilizo ndani ya benki. Ikikuuliza kama utozwe kwa fedha ya kwenu au ya hapo, chagua ya hapo kila mara, maana ukichagua ya kwenu mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilishia. Picha za safari weka mtandaoni baada ya kuondoka mahali, usiku ukiwa umerudi. Hatukosi uhondo kwa kuzisubiri kwa muda wa saa chache.

Kuhusu vinywaji sitanyamaza. Novemba 2024, watalii sita walifariki baada ya kuugua Vang Vieng, mji mdogo wa Laos, kwa kile kilichoshukiwa kuwa sumu ya methanoli kwenye pombe. Walikuwa vijana waliotoka kujifurahisha kama utakavyotoka wewe. Methanoli huwezi kuionja ukaitambua. Kataa pombe kali za bure na zilizochanganywa usizoona chupa yake ikifunguliwa, na kinywaji ulichokiacha mezani kimwage.

Na likitokea? Akikushikia kisu, mpe. Mpe simu, mpe saa, mpe kila kitu na usimtazame machoni. Kisha nenda polisi siku hiyohiyo ukachukue ripoti yenye namba, kwani kwa kawaida bima hailipi bila karatasi hiyo. Ndani ya Umoja wa Ulaya namba ya dharura ni 112 kila nchi, hata kama simu haina salio. Japani ni 110 kwa polisi na 119 kwa gari la wagonjwa. Na kama wewe ndiye utakayeshikwa, hata kwa kutokuelewana tu, sema wazi kwamba unaomba ubalozi wako ujulishwe. Hiyo ni haki iliyomo kwenye kifungu cha 36 cha Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli, na kwa kawaida hutekelezwa pale mwenyewe unapoomba. Ubalozi hautakutoa mahabusu wala kukulipia faini, lakini kuanzia hapo kuna mtu anayejua uliko.

Ndiyo maana kabla hujalala leo nataka vitu vitatu kutoka kwako: picha ya ukurasa wa kwanza wa pasipoti, namba ya bima, na jina la hoteli ya usiku wa kwanza. Nitavihifadhi mahali ambapo hakuna treni inayofika. Siku ile Barcelona hakuna mtu aliyekuwa na nakala ya chochote changu, na afisa aliponiuliza namba ya pasipoti nilibaki namtazama. Nitumie sasa hivi, simu iko mkononi mwangu.

Dada yako.