Hela ya palizi nimetuma kwako

Da Somoe shikamoo. Mi mzima, baridi tu ndo bado kali japo tushaingia Aprili. Watoto hawajambo?

Majibu yametoka dada. Cornell ya Marekani wamenikubali, na Wageningen ya Uholanzi nao wamenikubali, PhD zote mbili, ada wanalipa wao na hela ya kula juu! Sisi wa Tandahimba tuliosomea kibatari! Kwa mambo ya kilimo Wageningen ndo penyewe duniani, na Cornell watu wanaipigania usiku na mchana. Wanataka jibu mwisho tarehe 15.

Nasikia Mjomba keshatangaza barazani kwamba naenda Marekani. Mi naenda Uholanzi. Marekani ni miaka mitano au zaidi na mwanzoni ni madarasa na mitihani tena, Uholanzi minne, unakuwa kama mwajiriwa, una mshahara, na kikubwa msimamizi kakubali kila msimu wa maua, mwezi wa saba mpaka wa tisa, niwe kituo cha utafiti cha Naliendele na ubwiriunga wetu, ule ugonjwa wa mikorosho. Siku ya intavyuu huyo msimamizi aliniuliza mkulima asiye na maikroskopu anautambuaje ugonjwa mapema. Nikamwambia mama yetu alivyokuwa anafanya, anakata shada la maua, analikung'uta juu ya ile kaniki yake ya shamba, akiona unga mweupe umebaki basi siku hiyohiyo anahangaika na salfa. Akanyamaza kidogo, afu akaandika. Nilijikaza nisilie mbele yake, mana niliiona kaniki yenyewe, na ile pindo iliyoungua na moto.

Sasa Mjomba. Kanipigia mara tatu wiki hii anataka laki nne ya palizi, na korosho za shamba la mama mwaka jana kaziuza kangomba, kwa walanguzi kabla ya kuvuna, maua hata hayajashika vizuri, mnada ulipofunguliwa wenzie wanapokea zao yeye anaangalia tu, na hakukuuliza wewe wala mimi. Najua kwetu mjomba ndo mwenye sauti na simvunjii heshima, ila ile mikorosho mama kaipanda kwa mkono wake, ada yangu fomu wani mpaka fomu siksi imetoka mle mle, mi nikisikia kangomba kwenye lile shamba silali dada, kweli silali.

Kwa hiyo laki nne nimetuma kwenye simu yako, siyo yake. Walipe wapaliliaji mwenyewe na uwasimamie mpaka kule mwisho, kwenye kaburi la mama, kule huwa wanaparua tu wanaondoka. Ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, ikianza kuuzwa nipigie video niione hata kwa macho, huku nimeikumbuka mpaka naiota.

Habari ya Uholanzi mwambie wewe Mjomba, jioni akishakula. Mi nikimpigia sa hivi nitatoa neno nisilolitaka.

Mdogo wako,
Hamisi